Lango la Mbele, Kando ya Ziwa

Siku Virginie Kapya alipohamia kando ya ziwa, alipita chumba hadi chumba akifungua mabomba. Alifungua la jikoni, la bafuni, la bustanini, na hata kabomba kadogo kando ya choo ambako hakuna mtu nyumbani aliyejua ni ka kazi gani. Yote yalitoa maji. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akarudi mbio kuyafunga, maana miaka yote ya Kamalondo, mtaa wa watu weusi, alikuwa akipanga foleni kwenye bomba moja na mtaa mzima, na moyo wake haukuweza kuvumilia maji yakipotea hivi hivi.

Ilikuwa mwaka wa 1960, na Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville. Mwezi wa saba Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi, ikapandisha bendera yake yenye misalaba ya shaba, na Wazungu wengi wakafunga magodoro juu ya magari na kukimbilia Rhodesia. Wengine walirudi baada ya wiki chache, wakiwa na aibu kidogo. Wengine hawakuonekana tena. Nyumba zilizobaki tupu serikali mpya iliwagawia makarani wake, na mume wa Virginie, Anaclet, karani mpole mwenye mwandiko mzuri kuliko wote wa ofisi yake, akapata moja.

Tena nyumba gani! Mtaa wenyewe ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kabisa mjini, uliojengwa na Wabelgiji wa mwanzo walipouzuia mto na kupata ziwa la kutazama jioni. Nyumba zilikuwa za matofali mekundu, na kila moja ilikuwa na barza pana mbele, kwenye nguzo nyeupe. Barabara ilifunikwa na mijakaranda pande zote mbili, na ilipofika mwezi wa kumi maua yake yalianguka kwa wingi hata ukawa unatembea juu ya zambarau tupu, ukaona haya kuikanyaga. Ng'ambo ya maji ulionekana moshi wa kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa masalio ya madini. Virginie aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake, miguu yake ikiwa imenyooshwa, na kila asubuhi aliamka na furaha ya mtoto aliyeahidiwa safari.

Hakuzaliwa kwenye starehe. Alizaliwa Sakania, binti wa mfanyakazi wa reli, akakua akichota maji ya kisima na kuuza karanga kwa abiria. Anaclet alimwoa akamleta mjini, na Kamalondo ndiyo iliyomfanya kuwa mtu: alizaa watoto wake pale, akajifunza kushona pale, akajifunza kugombana pale, na Kamalondo ukijua kugombana umemaliza shule. Kwenda mji wa Wazungu ilikuwa ni kwa kazi tu, na lazima uwe umetoka kabla ya saa ya usiku ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kuwamo. Na sasa yuko hapa, mwenye funguo.

Kila kiwanja cha mtaa ule kilikuwa na malango mawili. Lango la mbele lilitazama barabara na ziwa, na ndilo walilopita wenye nyumba na wageni wao. Lango la nyuma lilitokea kwenye kichochoro chembamba, na hapo ndipo walipopita wapishi, wafuaji, wauza mboga na wazoa taka. Mtu mweusi hakuonyeshwa lipi ni lake. Alijua. Virginie, kabla hata hajatundika mapazia, alikwenda dukani akanunua kufuli kubwa, akalifunga lango la nyuma, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kikwembe chake.

"Imekwisha!" akamtangazia mumewe. "Kwangu muntu ataingia kwa mbele. Muntu yote! Hata muuza sombe, na majani yake ya mihogo, apite kwa mbele!"

"Sawa, Mama Floribert," Anaclet akasema. Floribert ndiye alikuwa kifungua mimba wao. "Lakini usipige kelele. Symphorien iko hapa karibu."

Symphorien alikuwa mkubwa wa Anaclet ofisini, na serikali ilikuwa imempa nyumba ya jirani. Kila jioni alikaa kwenye barza yake na gazeti, na watu walisema hakuwa akilisoma bali alikuwa akisoma nani anaingia kwa nani.

Basi Virginie akaanza kungoja wageni. Hakumwalika mtu. Angemwalikaje? Kamalondo hualiki mtu ila kwa arusi au kilio. Mtu anakuja tu. Anaingia, anafunua sufuria yako, anakuuliza kwa nini chumvi imezidi, anakaa. Mwaliko ni wa watu wasiojuana. Virginie alijua wenzake watakuja, na zaidi ya wote alimjua atakayekuja wa kwanza: Edith Ngalula, mama yake Clément.

Nyumba zao kule Kamalondo ziligawana ukuta mmoja. Waligawana pia kinu, wembe, dawa ya minyoo na siri ambazo sitaziandika hapa. Edith alipozaa pacha usiku wa mvua, ni Virginie aliyemshika mgongo. Virginie alipougua, ni Edith aliyenyonyesha mtoto wake pamoja na wa kwake. Wazazi wa Edith walitoka Kasai, jimbo jirani ambalo watu wake Katanga mpya iliwaona wageni; yeye mwenyewe amezaliwa Kamalondo na hajawahi kuiona hiyo Kasai hata kwa picha. Kabla watoto hawajawa wengi, alikuwa akifua nguo kwa Madame mmoja, kwenye mitaa hii hii ya mijakaranda.

Kwa hiyo kila alasiri Virginie alioga, akavaa vizuri, akakaa kwenye barza ya mbele na sahani ya mikate aliyoikaanga, akitazama barabara. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, kimya. Mwezi ukaisha. Mikate waliila watoto, wakanenepa. Ziwa lilikuwa zuri vile vile, maua yakaanza kuanguka, lakini uzuri usio na mtu wa kukwambia "eh, mwenzangu, tazama" unachosha haraka.

Siku moja akashindwa, akaenda soko la Kamalondo kwa kisingizio cha kununua dagaa. Akamwona Edith anachagua vitunguu. Moyo ukamruka, akamkimbilia mikono wazi.

Edith akainua macho. Akamtazama viatu, akamtazama kitambaa cha kichwa.

"Bonjour, Madame," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Madame! Angemtukana mama yake ingekuwa afadhali. Virginie aliondoka bila dagaa, akalia kuanzia njia ya reli mpaka mlangoni kwake, na watu wa mtaa wa Wazungu wakaona kwa mara ya kwanza mwanamke mwenye lango la mbele akiingia humo huku anapenga kamasi.

"Nilimukosea nini?" alimuuliza Anaclet. "Hata siku moja hakufika hapa, halafu anikasirikie miye?"

Anaclet akavua viatu polepole. "Labda ni muzuri vile, Mama Floribert. Wakati haiko muzuri. Ku bureau banaanza kuulizana nani iko wa Kasai, nani iko wa Katanga. Symphorien anaona yote. Ngoja kiloko, kidogo tu."

"Ningoje mpaka nini? Mpaka ananisahau?"

Anaclet akasukuma viatu chini ya kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa nyumba na anaogopa kunyang'anywa, na Virginie alilijua hilo, ndiyo maana hakumrushia kiatu. Lakini usiku ule alikata shauri moyoni: Krismasi ikifika Edith hajakanyaga nyumba hii, atafunga mizigo na kurudi Kamalondo na watoto wake, Anaclet abaki na mabomba yake.

Mvua zikaanza. Nyuma ya nyumba, karibu na lile lango lenye kufuli, kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu, kama vilivyo katika bustani nyingi za Elisabethville. Mzungu aliyekaa hapo zamani alikuwa amekijengea ngazi za saruji, akaweka kiti cha chuma kileleni, akawa anapanda kunywa kahawa huku anatazama ziwa. Jamani! Kukaa juu ya kitoweo miaka yote bila kujua! Maana binti wa Sakania hahitaji kuambiwa kichuguu ni nini. Mvua nzuri ikinyesha, jua likatoka tena, jioni nswa hutoka humo kwa maelfu, wale kumbikumbi wanono wenye mabawa, na mwenye akili anakuwa amekwisha kujitayarisha.

Alasiri moja mvua ilipiga mabati, ikakoma ghafla, na jua likawaka juu ya ziwa. Virginie alitoka akapiga magoti kwenye kichuguu. Mchwa askari walikuwa wanatoboa matundu, vichwa vyao vinang'aa.

"Floribert! Leta mablanketi ya zamani! Leta majani ya ndizi! Beseni, beseni zote! Mbio!"

Nyumba ikageuka uwanja wa vita. Virginie alitupa kile kiti cha chuma chini, akakifunika kichuguu kwa majani na mablanketi, akaacha mlango mmoja tu wa mwanga upande wa chini, na hapo akachimba shimo, akatia beseni lenye maji kidogo. Mama yake alimfundisha hivyo akiwa hajafikia hata kimo cha kinu, na mikono haikusahau hata kidogo. Alikuwa amefunga kikwembe magotini, matope hadi kwenye nyusi, anaimba, anafoka, anacheka. Na nswa wakatoka! Mlio wao chini ya mablanketi ulikuwa kama mafuta yanayochemka. Wakaufuata mwanga, wakaporomoka ndani ya beseni, na watoto wakapiga mayowe ya raha.

Hapo ndipo aliposikia mlango unagongwa. Haukuwa wa mbele. Ni lango la nyuma, hatua chache tu kutoka pale alipopiga magoti, mtu anagonga kwa kiganja.

"Nani?" akapaza sauti.

"Nani tena? Ni miye, Edith! Mvua ya vile inanyesha, weye uko na kichuguu, unafikiri nitabaki kwangu? Fungula!"

Virginie alisimama na nswa wamemjaa kwenye nywele.

"Edith! Unafanya nini kule nyuma?"

"Ninagonga! Hii ni mara ya tatu ninagonga huu mulango, na weye hautaki kufungula!"

"Ya tatu?"

"Nilikuya pale ulihamia tu, na bunga ya mihogo ku kichwa. Nikagonga mpaka mukono ikauma. Nikarudi tena na Mama Kapinga, nikaona kufuli ya kunenepa kama kichwa ya muntu. Nikasema, bon, Mama Floribert anatufungia. Sasa iko Madame."

Virginie alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mais Edith, miye nilikuwa ku barza! Kila siku nilikuwa ku barza, kwa mbele, ninakungojea weye!"

Upande wa pili beseni likagonga lango.

"Kwa mbele?" Edith akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa aingie kupitia bomba la moshi. "Nani anapitaka kwa mbele?"

Virginie aliona yote kwa mara moja, na akajiona mpumbavu. Yeye alikuwa amefunga nyuma ili rafiki zake wasidharauliwe tena, na rafiki zake walikuwa wamepita nyuma kwa sababu miguu yao haikujua njia nyingine mtaa huu. Miezi yote hiyo walikuwa wanangojana, yeye huku, wao kule, nyumba nzima katikati. Alifungua pindo la kikwembe, akatoa ufunguo, akautia kwenye kufuli.

Hapo akasita. Akifungua sasa, Edith ataingia hapa leo, na kesho, na daima. Na Mama Kapinga nyuma yake, na Kamalondo nzima, wakiinamisha vichwa kwenye kichochoro cha taka, kwenda nyumbani kwa mwenzao. Akautoa ufunguo.

"Edith, zunguka. Kuya kwa mbele."

"Weye iko mulevi? Fungula, nswa inaisha!"

"Iishe!"

"Sipite kule, Mama Floribert! Nilifua manguo hapa myaka mingi, mguu yangu haikukanyaga barza ya mbele hata siku moja. Hata pale Madame alikufwa, nilipita nyuma na maua yangu. Na sasa, vile banatuangalia siye ba Kasai? Banione na beseni ku kichwa?"

Nswa walikuwa wanatoka kwa nguvu kuliko mwanzo. Beseni la kwanza lilikuwa linafurika, na kwenye pembe moja blanketi lilikuwa limefunuka na wengine wanapaa moja kwa moja angani. Nswa hawangoji. Kabla hujasonga bukari, ugali wetu, watakuwa wamekwisha, na mwaka ujao uko mbali. Virginie aliwatazama mara moja, kwa uchungu wa kweli, nisidanganye. Kisha akawaachia watoto kila kitu, akapita ndani ya nyumba, akatoka mbele, akakimbia kuzunguka kona yenye maua yaliyolowa, akaingia kichochoroni.

Edith alikuwa amesimama pale na beseni tupu ameligeuza kichwani kama kofia ya polisi. Walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, sijui ni yupi, na mwingine akalia, halafu wakabadilishana.

"Kuya," Virginie akasema, akamshika mkono.

Wakatoka kichochoroni, wakaingia barabara ya mijakaranda, ziwa upande mmoja, nyumba kubwa upande mwingine. Symphorien alikuwa kwenye barza yake. Gazeti likashuka. Edith alisimama kabisa, akataka kurudi, na Virginie naye aliogopa. Mawazoni alimwona Anaclet akiitwa ofisini kesho asubuhi, akaona mabomba yote yamefungwa. Ikamjia hasira juu ya woga wake mwenyewe.

"Bonjour, Monsieur Symphorien!" akapaza sauti hadi ndege wa ziwani wakaruka. "Huyu ni dada yangu, Edith Ngalula! Anakuya kwangu kula nswa!"

Ngalula. Jina la Kasai waziwazi, katikati ya barabara. Symphorien akawafuata kwa macho. Wakampita, wakaingia lango la mbele, wakapanda ngazi. Mlangoni Edith akainama avue viatu.

"Acha. Pita na matope yako."

Edith akapita sebuleni amevaa viatu, macho yamemtoka, akigusa kiti hiki, akigusa pazia lile, na alipofika bafuni alipiga kelele kwa sababu ya bomba. Nyuma, zaidi ya nusu ya nswa walikuwa wameruka, anga lote juu ya bustani limejaa mabawa yanayong'aa kwa jua la jioni. Hawakujali. Walijitupa magotini pamoja na watoto, wakachota waliobaki, wakagombana juu ya blanketi, wakawasha moto, wakakaanga kwa chumvi bila mafuta, na Edith akafunua sufuria ya Virginie akauliza kwa nini chumvi imezidi. Virginie aliona raha mpaka kifua kikamuuma.

Anaclet alirudi kabla giza halijaingia. Alikuta alama za matope kutoka mlango wa mbele mpaka wa jikoni, akazifuata, akiwa bado amevaa koti na tai. Alipotokea uani Edith alisimama haraka, akashika beseni lake lililojaa.

"Yambo, Baba Floribert. Nilikuwa ninaenda tu." Akageukia lango la nyuma.

Virginie akaacha kukaanga. Alimtazama mumewe. Alikuwa amekwisha kusema yake barabarani, na hili la sasa halikuwa lake kulisema.

Anaclet alitazama lile kufuli. Akatazama alama za matope. Virginie aliuona muda huo mrefu kuliko miezi yote ya barza.

"Kwa kule haipitwe, Mama Clément," akasema mwishowe. "Leta beseni. Nitakusindikiza."

Mgeni wa heshima husindikizwa na mwenye nyumba mwenyewe, naye humbebea mzigo wake mpaka barabarani. Anaclet aliweka beseni la nswa begani, juu ya koti lake la ofisi, wakatoka mbele wote watatu. Mafuta ya nswa yalichuruzika kwenye ukosi, hakuyapangusa. Walipofika kwa Symphorien, mkubwa bado alikuwa amekaa na gazeti mapajani. Anaclet alisimama, akashusha beseni na kulifunua mbele ya ngazi za barza ile, kwa maana kwao, ukimpita mtu na nswa, unamfunulia achote, naye akikataa kuchota amekukana wewe na watu wako mbele za wote.

"Karibu, chef," akasema. "Ni ya dada yetu."

Symphorien alitazama beseni. Akamtazama Edith, kwa muda mrefu, naye Edith hakuinamisha kichwa. Kisha mzee akaweka gazeti chini, akashuka ngazi zake, akakunja mkono wa shati, akachota mkono mzima.